Meza ya Manjano

Kijiwe kilikuwa palepale barabara inapokata kona chini ya mteremko, kwenye kibaraza cha kinyozi. Mali yake yote ilikuwa benchi moja la mbao, birika la Mama Kahawa, na meza ambayo kijiwe kingine chochote kingeionea wivu: bati nene la manjano lililolazwa kifudifudi juu ya matofali, lisilotikisika hata mtu akipiga ngumi katikati ya hoja. Siku hiyo hakuna aliyetulia, na aliyewazidi wote kwa kuhangaika ni Spoku, fundi baiskeli. Shule zilikuwa zimefungwa, na mchezo wa watoto wa mtaa ulikuwa kupanda mpaka juu kabisa, kisha kuachia baiskeli iteremke yenyewe. Binti yake alikuwa huko juu na baiskeli ya kuazima. Breki alizikaza Spoku kwa mkono wake mwenyewe. Helmeti ndiyo iliyobaki msumarini, eti itaharibu nywele alizosuka jana, na sasa Spoku alikuwa nayo mkononi, anaizungusha kama mtu anayetafuta sufuria imetoboka wapi.

— Kaa chini bwana, unatutimulia vumbi, alisema Kipaza, yule kinyozi, ambaye sauti yake hufika mahali kabla yake.

— Nitakaaje? Hamwoni watu wanavyoanguka hapa? Juzi tu yule wa maziwa!

— Goti nimemfunga mimi, alisema Mama Kahawa, akimimina. Kitambaa changu hajakirudisha mpaka leo.

— Ajali haina kinga, alisema Bima.

Huyu aliwahi kuuza bima zamani. Kazi ilikwisha, jina likabaki, na tangu hapo hajapanda hata baiskeli.

— Sasa kama haina kinga, wewe bima ulikuwa unauza ya nini?

— Ndiyo maana niliacha.

Kipaza akaweka kikombe mezani kwa kishindo, dalili kwamba nadharia inakuja.

— Nisikilizeni. Tatizo ni yule mwanamke.

— Mwanamke gani tena?

— Yule aliyechorwa ukutani pale saluni. Mtu anateremka, mikono huku, macho kule. Nimeshamwambia mwenye saluni amchore upya, amefumba macho.

— Akifumba ndiyo itakuwaje?

— Muungwana hamkodolei macho mtu aliyelala.

Spoku alisimama tena, akachungulia mlimani. Hakuna kitu ila vumbi la mkokoteni. Moyo ulikuwa unampiga kama yeye ndiye anayepanda.

— Mnakosea wote, alisema Bima. Tatizo ni hiyo aliyoishika Spoku. Kichwa kikiwa kizito, kwenye kona kinatangulia, mwili unafuata. Mtoto amefanya la maana kuiacha. Halafu itazameni, ina matundu! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Matundu ya hewa hayo!

— Ufa ni ufa.

— Yule wa maziwa hakuwa na helmeti, Bima. Alikuwa kichwa wazi.

— Basi alikuwa na mawazo. Mawazo ni mazito kuliko helmeti.

— Labda breki zake zilikuwa zinavuja mafuta, alisema Mama Kahawa.

— Hilo lisikutishe, alidakia Kipaza. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Spoku alifumba macho. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza breki, na hawa ndio marafiki aliojaliwa.

— Mkitaka ukweli wenyewe, alisema Bima, akashusha sauti, ni dunia. Dunia si inazunguka? Hapa kwenye kona ndipo inapozungukia. Ndiyo maana wote wanaanguka kushoto.

— Na wanaoanguka kulia? aliuliza Mama Kahawa.

— Hao walizaliwa usiku.

Kabla hajaeleza usiku unahusikaje, matairi yalilia. Pikipiki ya vifurushi ilikata kona ikiwa imelala, ikaserereka kwenye mchanga, ikazimikia hatua chache kutoka kwenye birika. Aliyekuwa juu yake akajiinua polepole. Alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni katika njia ile. Akavua helmeti yake, akaigeuza. Ubavuni ilikuwa imechubuka vibaya.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, dada! Pole! Umeumia?

— Iliyoumia ni hii.

Wakampisha kwenye benchi. Mama Kahawa akampa kikombe, naye akanywa kidogo kisha akakiweka mezani.

— Alikuwa anaangalia ukuta, alinong'ona Kipaza.

— Ameangukia kushoto, alinong'ona Bima.

— Samahani, alisema yule mgeni. Huko juu nimepita nguzo. Nguzo tupu, haina kitu. Ilikuwa ya nini?

Kipaza aliangalia viatu vyake. Bima akaangalia mawingu.

Walijua wote. Lori ndilo lililogonga kile kibao cha mshale cha kuonya kona, kikabaki kinaning'inia kwa skrubu moja, kinagongagonga kila upepo ukivuma. Wakakaa hapahapa benchini, wakakubaliana kwa kauli moja, jambo lisilowahi kutokea tena, kwamba kitamwangukia mtu kichwani. Tahadhari kabla ya hatari, alisema Kipaza. Spoku akapanda na spana yake, akakifungua. Wakakiweka pembeni kuwasubiri watu wa barabara. Halafu siku moja vikombe vikakosa pa kukaa, na upande wa nyuma ulikuwa laini zaidi. Tangu hapo kila ajali ya kona ile ilijadiliwa juu yake.

— Ile nguzo ni ya... alianza Kipaza.

— Umeme? alisema Bima.

Mama Kahawa aliinua birika lake, akaliondoa mezani.

Hapo ndipo kengele za baiskeli ziliposikika kutoka juu, na vicheko vya watoto. Spoku akaivaa helmeti ya bintiye ili mikono iwe huru, akalishika bati.

— Toeni vikombe!

— Subiri kwanza, kahawa yangu...

— Toeni, nasema!

Kahawa ya Bima ikaishia kwenye suruali yake. Spoku alikwishaanza kupanda mlima, ndala moja imebaki nyuma, bati amelikumbatia kifuani. Alipofika kwenye nguzo alisimama, akaugeuza mshale uelekee unakotakiwa, akapiga kelele kwa nguvu zote:

— Kona! Kona! Kamateni breki! Kona, mwanangu!

Watoto wawili wa mbele wakafunga breki kwa mshangao. Wa tatu alikuja miguu hewani, anacheka, misuko yake inapepea. Akaona kitu cha manjano chenye miguu ya baba yake. Akabana. Breki zikashika, gurudumu la nyuma likapepesuka, na la mbele likaja kugusa ugoko wa Spoku, likatulia.

— Baba! Mbona umevaa helmeti yangu?

Aliivua, akamvalisha juu ya nywele zake mpya, akakaza mkanda mpaka binti akalalamika. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

Binti akachungulia nyuma ya bati. Kulikuwa na alama za viduara vya vikombe, kimoja juu ya kingine. Akarudi mbele, akautazama ule mshale mweusi uliopinda.

— Hii si meza yenu? Sasa huu mshale, siku zote hizi mlikuwa mnamwonyesha nani?

Spoku alitazama chini kijiweni. Wenzake walikuwa wamesimama wote, vikombe mikononi, hawana pa kuviweka.

— Teremka kwa miguu, alimwambia binti yake, uniletee spana. Mimi hapa sibanduki.