Mayai ya Nasambu na Namba za Mita

Mtaani Pipeline, pale ghorofa ziliposongamana hadi jua likitaka kufika chini lazima liombe ruhusa, kuna benchi la mbao mbele ya jiko la Khalif, muuza kahawa. Wanaolikalia kila Jumamosi wanajua kila kitu duniani, isipokuwa kazi ya kufanya Jumamosi. Javan wanamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kuwashikia mafundi wa stima ngazi siku mbili nzima. Irungu, muuza viatu vya mitumba, ni Waziri, kwa kuwa hajibu swali bila kuanzia mbali. Shiundu, fundi wa redio, ndiye Fyuzi, na asubuhi hiyo Fyuzi alikuwa na siri inayomkwaruza roho. Kampuni ya stima ilikuwa imewatumia wateja namba mbili ndefu za kuhuisha mita za tokeni; usipoziingiza, siku ikifika mita haitambui tokeni tena, hata uwe umelipa. Kijiwe kilikaa, kikapiga kelele, kikaamua ni mtego. Shiundu ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba hataziingiza. Kisha akaenda nyumbani, akafunga mlango, akaziingiza zote mbili bila kukosea hata moja. Siku yenyewe ilifika jana.

Nasambu alitokea na beseni kifuani, limefunikwa blanketi. Ni jirani yao wa ghorofa ya tano, anayetotoa vifaranga kwa mashine ya stima chumbani mwake.

— Sasa Nasa! Umebeba mtoto wa nani? akauliza Javan.

— Mayai. Sitini. Leo ni siku ya kumi na tisa, zimebaki mbili tu vifaranga waanguliwe, na mita imezima tangu alfajiri. Naweka tokeni, inakataa. Nimezungushia chupa za maji moto, lakini zitakaa na joto hadi lini?

— Si nilisema! Hao watu wana mpango.

— Ulisema nisiingize namba, Injinia. Ulisema hata meseji nifute, nikafuta. Nimepigia kampuni wanitumie tena, wananiambia ningoje saa ishirini na nne.

— Basi ngoja. Mwenda pole hajikwai.

— Vifaranga hawaendi popote, Javan. Wako ndani ya yai!

Javan akasogeza kikombe, ishara kwamba sasa elimu inakuja.

— Sikiza. Mita ya zamani ilikuwa kiziwi. Zile namba ni za kuipa masikio. Ukichemsha maharagwe, huko ofisini wanajua ni maharagwe. Ukichemsha nyama, wanajua umepata kazi.

— Hiyo ni ndogo, mazee, akadakia Irungu. Shida ni upepo. Zamani stima ilikuwa ya maji, ukoloni ukaisha, tukaja na mvuke wa kule Naivasha. Leo kuna upepo wa Turkana, kuna jua, zote zimetiwa waya mmoja. Sasa fikiria. Ya mvuke ni nzito, inabaki chini. Ya upepo ni nyepesi, inapanda. Nasa yuko ghorofa ya tano. Huyo anapata upepo mtupu! Upepo utaangua yai?

— Na ya jua? Khalif akauliza huku akipepea makaa.

— Ya jua ni ya landilodi.

Hapo Nasambu alicheka kwa uchungu.

— Hilo nakubali. Sola ya huyo mwenye nyumba inawasha taa za ngazi. Saa hii mchana kweupe zinawaka, na nyumba yangu giza.

— Kwa sababu haruhusiwi kutuuzia! Javan akapiga goti. Wanaotunga sheria za stima wanataka leseni ya jua. Ngoja tu. Kesho utaanika nguo, watume bili ya kukausha.

— Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi, Irungu akakubali kwa huzuni. Ndiyo maana wanang'oa nguzo za miti wanaweka za simiti.

— Na nguzo inaingiaje hapa, Waziri?

— Futi sita chini. Wewe Injinia mzima hujui?

Wakaangua kicheko. Shiundu hakucheka. Nasambu alikuwa ameketi karibu naye, na kutoka chini ya blanketi kulitoka sauti ndogo, chii, kisha kimya. Alijua kwake pana stima, pana soketi, hatua mia moja kutoka hapa. Lakini aseme nini mbele ya hawa? Kwamba alikula kiapo asubuhi akakitapika jioni? Wangemcheka mpaka Krismasi.

— Fyuzi, Nasambu akamgeukia. Wewe ndiye fundi. Hakuna njia kabisa?

— Njia... lazima kwanza tuangalie mfumo wote, Shiundu akasema, na akajichukia pale pale.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na chupa yake ya chai, anangoja Khalif amjazie kahawa. Teresiah, aliyehamia ploti ya pili jana. Alikuwa amesikiliza yote kwa adabu ya mgeni.

— Samahanini, akasema. Kwani hata nyinyi, kwenu stima imepotea?

Khalif akaacha kupepea. Shiundu alimtazama Javan, akingoja angurume kwamba ndiyo, amelala gizani. Javan akamtazama Irungu. Irungu akainama, akaanza kukagua soli ya kiatu chake kana kwamba anataka kukinunua. Ndipo Shiundu alipoelewa kwamba kijiwe kizima kiliingiza namba kwa siri na kina stima, isipokuwa mtu mmoja aliyewaamini.

Nasambu naye alielewa. Hakupiga kelele, na Shiundu alitamani angepiga. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasimama na beseni lake.

— Hawa wakifa nitawazika hapa, chini ya hili benchi. Mtawakalia kila Jumamosi mkinywa kahawa.

— Kwangu ni karibu, Shiundu akasema. Lete, stima ipo. Mashine nitaifuata. Niliingiza zile namba, Nasa. Nisamehe.

Akalipokea beseni kwa mikono miwili, akapenyeza vidole chini ya blanketi, akagusa chupa za maji. Zilikuwa zimepoa. Akatoka mbio kuelekea kwake.