Hita Nne Katika Nyumba ya Habuba

Wenzangu wa chama, salamu kwenu nyote, wa msikiti na wa kanisa. Leo zamu ya kusimama ni yangu, na mnajua mimi nikianza sinyamazi, kwa hivyo kaeni vizuri.

Ile lojingi yangu hapa Kibera wengi mnaijua. Ni nyumba ya habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, ya kuta nene za udongo na baraza mbele. Alituachia mimi na kaka yangu. Wafanyabiashara wanaokuja Soko la Toi walipenda kulala pale, lakini mimi nilikuwa naona aibu. Nani analala kwenye udongo siku hizi? Nikaita fundi, nikamwambia apige simiti kila ukuta, ndani na nje. Baraza nikaiziba kwa mabati nipate vyumba zaidi. Nikajiona nimefika!

Ndugu zangu, nawaambia, nyumba ikaanza kutoa jasho. Udongo ulikuwa umefungiwa ndani ya simiti, unyevu hauna pa kutokea. Kuvu ikapanda ukutani, shuka zikanuka. Wageni wakalia baridi, nikanunua hita nne. Na kwa vile baraza nilikuwa nimeiziba, taa zikawa zinawaka hata saa sita mchana. Tokeni za stima zilikuwa zinaisha hata sijamaliza chai.

Kaka yangu akachoka. "Dada, hii nyumba inatumaliza," akasema. "Baridi ikiisha tunabomoa, tunajenga flati." Nililia, wenzangu. Nilizaliwa ndani ya nyumba ile.

Halafu, katikati ya Julai, transfoma ya mtaa ikalipuka. Stima hakuna, hita hakuna. Wageni wakahama wote isipokuwa mama mmoja wa kutoka Kisumu, muuza mitumba, mteja wangu wa miaka mingi. Vyumba vyote vya simiti vilikuwa baridi sana, na kilichobaki ni stoo ya habuba, ambayo fundi hakuigusa kwa sababu simiti ilimwishia. Nikamtandikia humo huku nikiomba radhi.

Asubuhi alitoka amevaa kanga tu mabegani. Akaniuliza, "Kwani uliniwashia jiko humu? Nimelala vizuri!"

"Jiko gani, mama? Hata kiberiti sijawasha."

Niliingia stoo nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu, bado una joto la jua la jana. Nikaenda chumba cha pili, nikagusa simiti: maji. Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nyumba ilikuwa inajipasha yenyewe miaka yote, mimi nikaiziba pumzi kisha nikainunulia hita!

Siku hiyo hiyo nikashika patasi. Kaka akanipata nabandua simiti, akaniambia, "Watu wanapanda ghorofa, wewe unarudi kwa matope?" Nikaendelea kugonga. Mnakumbuka zamani, kabla ya Idd, akina mama walivyokuwa wakikusanyika kukandika nyumba kwa mikono? Nilikuja hapa kwa chama nikaomba mikono. Mkaja. Kuna aliyetoka Kawangware na mtoto mgongoni. Wengine hamjawahi kuiona Idd ikisherehekewa nyumbani kwenu, na bado mlikanyaga udongo mpaka magotini, mkiimba nyimbo za kwenu Magharibi mwa Kenya. Mabati ya barazani tuliyang'oa, mwanga ukaingia.

Stima iliporudi, hita hazikuwa na kazi. Niliziuza zote nne, nikaongezea kidogo, nikaweka sola ya kupasha maji ya kuoga.

Kaka alikuja na mtu wa kupima kiwanja. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu, baridi ya kukata. Wakaketi chumbani wakisubiri chai. Nilipoingia na birika, nilimkuta kaka amevua koti, kiganja chake kiko ukutani. Akamwambia yule mpimaji, "Kunywa chai, bwana. Hapa hatubomoi."

Asanteni. Sitataja majina, mikono yenu mnaijua. Nilichojifunza ni hiki: nyumba ikikusumbua, iulize kwanza wewe umeifanya nini, ndipo uende dukani.

Sasa, nani hapa ana ukuta unaotoa maji? Inua mkono, usione haya. Jumamosi tunakuja kwako.