Mshipa wa Kushoto

KINYOZI: Haloo, mke wangu?

DADA: Mdogo wako. Shikamoo, kaka.

KINYOZI: Marahaba. Mbona unatumia simu yake?

DADA: Niko naye hapa hospitali, yangu imezima. Nimechukua majibu yako, maana mwenyewe umegoma kuja.

KINYOZI: Enhe, nakufa lini?

DADA: Mshipa wa shingo, upande wa kushoto, umebana. Mafuta yameganda humo—

KINYOZI: Shingo! Nanyoa shingo za watu tangu huyo daktari hajazaliwa.

DADA: Unanyoa nje, bwana mkubwa. Yeye kaangalia ndani.

KINYOZI: Na damu alinitoa ya nini? Shingo yangu iko kwenye chupa?

DADA: Nilimuuliza hivyo hivyo. Kasema watu wawili wanaweza kubanwa sawasawa, mmoja akaishi nayo miaka, mwingine kipande kikameguka, kikapanda kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Damu yako inaonyesha mafuta yako hayajatulia. Anataka kuufungua mshipa, ausafishe.

KINYOZI: Damu inaonyesha! Hata mpiga ramli anaonyeshwa.

DADA: Mpiga ramli hajakukataza sigara, ndiyo maana unamsifu.

[Mtandao unakwaruza.]

KINYOZI: Sikusi— sikusikii—

DADA: Unanisikia vizuri sana. Wifi kanieleza habari za yule mteja.

KINYOZI: Mteja yupi?

DADA: Uliyemkata sikio.



KINYOZI: Aligeuka yule. Hatulii kitini.

DADA: Wembe ulikudondoka, kaka. Ukabaki unautazama mkono wa kulia kama wa kuazima. Ukataka kumwomba radhi, ukaongea kama mlevi.

KINYOZI: Ilikuwa kidogo tu. Ikapita.

DADA: Ikapita! Daktari aliposikia hivyo aliweka kalamu chini.

KINYOZI: Wifi yako ana mdomo.

DADA: Mshukuru. Na mbona huko kimya? Sisikii mashine, sisikii wateja wako wa soga.

KINYOZI: Leo sijafungua.

DADA: Na jana?



KINYOZI: Huyo daktari... mkono wake umetulia?

DADA: Sikumuuliza.

KINYOZI: Unakwenda kwa mtu wa kunichana shingo, humwangalii mkono? Akili gani hiyo?

DADA: Utamwangalia mwenyewe. Salio linakaribia kukata. Kesho asubuhi nakupitia—

KINYOZI: Si kesho.

DADA: Umeanza tena.

KINYOZI: Njooni sasa hivi. Wote wawili.

DADA: Kaka? Kuna nini?

KINYOZI: Ule mkono wa kulia umerudia. Njooni tu. Mlango nimeu— nimeuacha wa—

[Salio limekwisha.]