Bunduki ya Mwisho ya Reino Saarela

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki mliofika kanisani humu licha ya theluji hii iliyotuwahi, familia imemtuma mkwe wa marehemu awasomee maisha yake, naye atayasoma kama tulivyokubaliana mezani jikoni, isipokuwa pale atakaposhindwa kujizuia.

Reino Saarela alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, katika shamba la wazazi wake nje kidogo ya Hancock, kaskazini mwa Michigan, akiwa mtoto pekee wa mzee Kalle, mchimba shaba, na mama Hilja. Alianza shule ya msingi mwaka 1950 na kumaliza sekondari mwezi Juni 1962, akifaulu hesabu na kazi za karakana, na kufeli kuimba, jambo ambalo ninyi mliowahi kukaa naye benchi moja humu ndani hamtalibisha.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana ya mgodi wa shaba, akichonga vyuma kwa mashine, na mgodi ulipofungwa mwaka 1968 akahamia chuo cha ufundi, akawafundisha vijana kazi hiyohiyo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Akiwa bado mgodini, kwenye mnada wa shamba la jirani, alinunua bunduki ya marisau iliyotengenezwa mwaka 1898, mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu, imeshika kutu kiasi kwamba watu walidhani anataka kuitundika ukutani. Hakuitundika. Aliisafisha majira yote ya baridi, akaipeleka msituni, akarudi na kwale wawili, na tangu siku hiyo mtu huyu aliharibika kabisa, kwani zilifuata bunduki nyingine za mitutu miwili, za zamani na za kisasa, hadi sebule ikawa na kabati moja la vyombo na matatu ya bunduki.

Wengi walidhani anazipenda za zamani kwa sababu ni za zamani, lakini hapana, alizipima zote kwa haki kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Za kisasa alizisifu chuma chake kigumu, na mitutu yake iliyopandana juu na chini inayompa mpigaji mstari mmoja wa kulenga, na jinsi zinavyokubali risasi yoyote ya dukani bila manung'uniko. Za zamani alizisifu wepesi, akisema zinapanda begani zenyewe kabla hujaamua, ila hakuficha hatari yake, kwamba risasi ya leo inaingia kwenye bunduki ya kale vizuri tu, mtu akaona mambo shwari, kumbe ganda likifunguka kwa moto linazidi urefu wa chemba, yaani tundu linamokaa risasi, presha inapanda, na mtutu unaweza kupasuka karibu na vidole vyake. Kwa hiyo risasi za bunduki zake kongwe alizijaza mwenyewe, baruti kidogo, kwa mizani, huku hataki kusemeshwa.

Rafiki yake Arvo Pelkonen, aliyekaa pale mbele, mkusanyaji mwenzake na mbishi mwenzake, alimuuliza mara nyingi tofauti hasa ni nini, na jibu ambalo Arvo analikumbuka ni hili: "Hii mpya haijali nani ameishika. Ile ilipimwa kwa bega la mtu, na mtu huyo alishakufa, sasa wewe umevaa koti lake. Likikukaa, unashukuru. Lisipokukaa, unajirekebisha wewe, si koti."

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Sylvi Mattila katika kanisa hilihili, mama mvumilivu, ambaye mwaka wa kwanza tu alitaka kumfurahisha mumewe, akakipaka kitako cha bunduki ya mwaka 1898 rangi ya kung'arisha meza. Reino alitoka nje akapasua kuni hadi giza lilipoingia, kisha akarudi ndani akasema imependeza. Sylvi alifariki tarehe 2 Februari 2011.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kaarina, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1974, na hapo ndipo mzee alipokutana na kiboko yake. Kaarina alijitangaza mtu wa bunduki mpya tangu ujana, na kila mwezi Oktoba msitu ulisikia maneno yao kabla ya milio. "Baba, mimi naingia dukani, nanunua risasi, naenda kuwinda. Wewe unazipika mezani kama dawa ya kikohozi!" Naye mzee: "Yako inapiga vizuri, sikatai. Hata muuza duka akiishika inapiga vizuri. Hiyo ndiyo kasoro yake." Jioni Kaarina alikuwa na kwale wengi kuliko baba yake, karibu kila mara, na mzee aliwatazama, akasema, "Umebahatika." Zaidi ya hapo hakuwahi kumsifu hata siku moja, na binti, kwa kiburi alichorithi palepale, hakuwahi kuomba sifa, wala kuomba ile bunduki kongwe aliyokuwa akiitamani kimyakimya, ingawa alivitaka vyote viwili mno.

Wawindaji wote mliomo humu mnajua kwamba bunduki ya mitutu miwili haipokezwi mtu ikiwa imefungwa, unaikunja kwanza, ifunguke nyuma, mwenzako aone mwanga ukipita kwenye mitutu yote miwili, ajue haina risasi. Tarehe 14 Oktoba 2020, wakivuka gogo, Reino alimpokeza binti yake bunduki ikiwa imefungwa, na Kaarina alipoikunja akakuta risasi mbili. "Nani kaziweka?" mzee aliuliza. "Wewe, baba." Aliketi juu ya lile gogo, na walipofika kwenye gari akasema, "Kesho tunaanza kuzigawa, ningali najua ninayempa ni nani." Daktari alithibitisha mwezi uliofuata kwamba ni maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Akazigawa kweli, kila moja kwa mtu wake, na maelezo juu, za kisasa kwa vijana aliowafundisha, za kale kwa wenye subira. Mkwe wake anayesoma hapa hakupewa bunduki, alipewa kopo la mafuta na kitambaa, akaambiwa aanzie hapo. Ilibaki ile ya mwaka 1898. Arvo alidhani ni yake, sote tulidhani hivyo, lakini mzee aliahirisha wiki hadi wiki, na maradhi yakamwahi, hata majina yakamtoka, la binti yake likiwa la mwisho. Alifariki nyumbani tarehe 5 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja hadi nyumbani, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, walimu wenzake wa chuo, na Arvo, aliyekuja kubishana naye hata pale ubishi ulipokuwa wa upande mmoja.

Limebaki neno moja, ambalo Kaarina alituambia leo asubuhi, naye ameruhusu lisomwe. Wiki moja kabla ya kifo alimwekea baba yake ile bunduki kongwe mapajani, tupu, apate kuipapasa, kisha Kaarina mwenyewe akaishika kidogo, akaipandisha begani. Mzee akamtazama kama mgeni. "Dada, imekukaa hiyo. Ichukue." Kaarina akamwambia pengine kuna mtu wake. "Nina binti," mzee akasema, "anawinda kuliko mimi, kuliko yeyote niliyepata kumwona. Nilitaka kumpa yeye, lakini naona haya, maana atanicheka. Usimwambie." Kaarina akajibu, "Sitamwambia."

Mzee Reino, lala kwa utulivu. Binti yako amejua.