Kura ya Vikombe juu ya Mguu wa Kaka

Benchi letu liko kati ya hospitali mbili zinazotazamana, ya geti la bluu na ya geti jeupe, barabara moja tu katikati. Mimi nashona viatu hapo, na simung'unyi maneno: wazembe wote wa mtaa huu huja kunywa kahawa na kuwatibu watu. Leo mgonjwa ni kaka yangu wa tumbo moja, fundi cherehani, na mguu wenyewe ni huo wa kulia anaokanyagia pedali, unaomuuma akitembea. Amekuja na picha moja ya mshipa wa mguu ulioziba, na majibu mawili. Wa geti la bluu wanataka kesho wamzibue, wapitishe mpira mwembamba kinenani. Wa geti jeupe wameitazama picha hiyohiyo, wakamwambia atembee kila siku, arudi baada ya miezi sita. Kabla ya saa kumi lazima atie saini au aghairi.

— Tupige kura, — akasema Kapteni, dereva teksi ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi. — Kikombe kikifunikwa, azibuliwe. Kikisimama, atembee.

Ndivyo tunavyoamua mambo hapa, tangu mpira hadi ndoa za watu.

— Mimi nafunika, — Kapteni akageuza chake. — Haraka haraka haina baraka!

— Sasa methali hiyo si inamtaka asubiri?

— Wewe shona viatu.

Profesa, aliyeishia darasa la tano, akakisimamisha chake.

— Tatizo ni mashine. Bluu wana mashine mpya, weupe hawana. Na mashine ikishaingia chumbani lazima ilishwe.

— Ilishwe nini?

— Miguu.

Tukacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

— Hamjasikia bado, — Kapteni akashusha sauti. — Daktari wa bluu asubuhi ndiye wa weupe alasiri. Asubuhi namshusha geti la bluu, jioni namchukua geti jeupe. Asubuhi anasema zibua, akivuka barabara anasema tembea.

— Hukumuuliza?

— Nilimuuliza. Akasema, "Huku tunafanya hivi, kule wanafanya vile." Nikamwambia, kule si ni wewe? Akanitazama kama hanijui.

— Basi si daktari, — Profesa akanong'ona. — Ni jengo. Mtu akiingia, jengo linasema kwa kinywa chake.

Nikatazama huku, nikatazama kule. Mchana kweupe, na mapazia ya pande zote mbili yamefungwa.

— Jamani, — kaka akasema, — mimi nataka kujua tu kama nitashona tena.

— Tulia kaka, tunahesabu.

Kimoja kimefunikwa, kimoja kimesimama. Changu nilikishika tu, roho ilikataa. Ikabaki kura ya muuza kahawa. Akainama kumimina ya mwisho, birika likamponyoka, kahawa ya moto yote ikamwagikia mguu wa kulia wa kaka, ndani ya kandambili.

Tuliruka sote. Mimi nilipiga yowe. Kaka hakutikisika. Alikuwa bado anatutazama, anangoja jibu.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kuvuka barabara, akauona ule mguu unafuka mvuke.

— Baba, huo mguu umeacha kuuma tangu lini?

Kaka akafungua mdomo, akanigeukia mimi nimsaidie, na mimi nduguye nilikuwa sijamuuliza. Nikamshika kidole gumba cha mguu ule. Kahawa ilikuwa bado inaunguza. Kidole kilikuwa baridi kabisa.