Video ya Mdogo Wake Cheche

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na mbele yake ndipo ninapoweka jiko langu na birika la kahawa. Wananiita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja wao niliyemzidi umri. Nimewazidi akili tu. Kila jioni hukaa watatu: Mkasi, ambaye ndiye kinyozi, Soli, mshona viatu, na Profesa, fundi simu, ambaye uprofesa wake aliupata hapahapa benchini. Wiki iliyopita watatu hawa walimwona kifaru mtandaoni akiingia benki, wakaapa kuwa ni benki ya barabara ya nyuma, wakafunga maduka yao, wakafungisha na ya wenzao, na mimi nikamwaga birika zima nikikimbia. Kumbe kifaru mwenyewe katengenezwa na mashine, hii akili bandia! Tangu siku hiyo wamesema hawadanganyiki tena. Ukiwaonyesha hata picha ya harusi ya dada yako, wanaanza kuhesabu vidole vya bibi harusi.

Sasa jana ndiyo akaja Cheche, fundi wa mageti, mbio, miwani ya kuchomelea bado iko kichwani, simu kaishika kwa mikono miwili kama kabeba yai.

— Jamani! Jamani, tazameni hii! Ni mdogo wangu!

Hapo hata mimi niliacha kupuliza jiko. Mdogo wake Cheche aliondoka miaka mingi iliyopita. Kaka mtu alimfukuza karakanani mbele ya wateja, kisa kijana hataki kuchomelea, anataka kuoka mikate. Akasema naenda, na akaenda kweli. Hakuna salamu, hakuna simu. Mama yao mpaka leo akisikia hodi hutoka mwenyewe, na miguu inamuuma.

Video ilikuwa imetumwa asubuhi kwa namba ngeni. Kijana amesimama mbele ya tanuri, aproni nyeupe, kofia, unga mpaka kwenye nyusi. Anasema: “Kaka, ni mimi. Nimechoka kuishi kama mtu asiye na kwao. Nikija, mama atanipokea?” Halafu anacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye woga. Basi, inakatika.

Birika likachemka likafurika, nikaliacha.

— Nampigia sasa hivi, akasema Cheche.

— Weka simu chini! Profesa akaruka. Ukipiga tu, matapeli wanaidaka sauti yako. Kesho utajiona mtandaoni unauza dawa ya meno.

— Lakini sauti ni yake!

— Hata kifaru alinguruma, akasema Soli. Na sisi tukakimbia.

Cheche akakaa, akainuka, akakaa tena.

— Basi nipimieni. Nyie si ndio mabingwa? Mama presha inampanda na kushuka. Nikimwambia mwanao kapatikana, halafu iwe ni mashine, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Na nisipomwambia, kumbe ni yeye kweli...

Ebo, hapo ndipo benchi likachangamka! Mkasi akamwacha mteja ndani amenyolewa nusu kichwa, akatoka na taulo begani.

— Vidole kwanza! Lete vidole. Mkono wa kushoto vitano. Wa kulia... kimoja, viwili, vitatu, vinne. Vinne! Nimeikamata!

— Mashine huongeza vidole, haipunguzi, akasema Soli.

— Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi imejifunza kubana matumizi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingiaje hapo?

— Imeingilia kwenye kidole.

— Kimoja si kimejikunja nyuma ya sinia? akasema Cheche. Tazameni vizuri jamani.

Hakuna aliyetazama vizuri, maana Soli alishaichukua simu.

— Mimi swali langu ni viatu. Viko wapi? Video nzima, miguu haionekani. Mtu mwenye nia njema anaficha viatu vya nini? Mashine inajua kuchora uso, lakini kushona soli haijui. Ndiyo maana imemkata magotini.

— Na unga! Mkasi akadakia. Uone ulivyokaa. Nyusi zote mbili sawasawa. Unga wa kweli hauna usawa, unga wa kweli unapendelea upande mmoja.

— Wewe tangu uzaliwe umeshika hata mwiko? nikamuuliza.

— Shangazi, tia kahawa.

Nikatia, lakini kwa kishindo, ajue.

Profesa alikuwa kanyamaza, na Profesa akinyamaza ujue anakusanya uongo mkubwa.

— Macho, akasema. Mashine haipepesi macho. Rudisheni mwanzo, mtazame kope.

Tukarundikana wote kwenye kile kioo cha simu, mimi nimo, mteja wa nusu kichwa yumo. Tukakodoa macho tukingoja kijana apepese, hadi tukasahau kupepesa ya kwetu. Soli machozi yakaanza kumtoka.

— Amepepesa! Cheche akapiga ukelele. Mmeona? Mara mbili! Ni yeye!

Wallahi nilimshika bega nikaruka naye. Mteja akaruka, nywele nusu na nusu. Profesa hakuinuka.

— Amepepesa kupita kiasi. Ndio mtego wenyewe. Walisikia tunapima kope, wakaongeza kope. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Cheche akawaka, cheche kweli.

— Basi pimeni mtu tunayemjua! Mpimeni Mkasi!

Haya, Profesa akamrekodi Mkasi palepale, kikombe mkononi, akimwambia acha kucheka, kuwa mtu wa kawaida. Wakamtia kwenye vipimo. Vidole: vinne, cha tano kiko nyuma ya kikombe. Viatu: havionekani. Kope: hakupepesa hata mara moja, kwa sababu alikuwa anajitahidi kuwa mtu wa kawaida.

— Na ndevu, akasema Soli. Upande huu ndefu, upande huu fupi. Kinyozi gani ana ndevu hivi? Huyu katengenezwa.

— Mimi?

— Kipimo ni kipimo.

— Nina mke na watoto wanne!

— Hata kifaru huenda ana familia.

Mkasi aliudhika kikwelikweli. Akaomba arekodiwe upya, safari hii na miguu. Nikadhani sasa watu wazima hawa wataona kwamba vipimo vyao havifai hata kupimia maji ya kunawa. Wapi! Profesa ndiyo kwanza akapandisha suruali akasimama.

— Sikilizeni niwape siri. Mashine haibuni kitu. Inasikiliza. Mama analia nyumbani, simu iko juu ya kabati. Inasikia kilio. Inajua huyu amepotelewa. Basi inakaa, inakusanya, inamtengenezea mtoto.

— Mtoto wa saizi yake hasa, akasema Soli kwa sauti ya chini. Kama kiatu cha kuagiza.

— Lo! akasema Mkasi, hasira imemtoka. Sasa huko ndani watoto wa namna hiyo wako wangapi?

— Maelfu! akasema Profesa. Kila mama na wake. Wanangoja tu zamu ya kutumwa.

Nikaifunika simu yangu kwa khanga, nakiri. Mteja akasema yeye anataka kumaliziwa nywele aende kwao.

Cheche alikuwa ameinamia simu. Alipoongea, hakupaza sauti.

— Kuna neno hapa. “Mama atanipokea?” Siku ile namfukuza nilimwambia, ukirudi na unga huo, mama hatakupokea. Mama hakusema hivyo. Nilisema mimi. Wateja walikuwepo, lakini grainda ya kukatia chuma ilikuwa inalia, neno hilo tulilisikia mimi na yeye tu.

Nikasema moyoni, imekwisha, huyo ni yeye mwenyewe, nani mwingine angejua? Nikamtazama Profesa anisaidie kufurahi.

— Siku hiyo ulikuwa na simu?

— Ilikuwa mfukoni.

— Basi ilisikia.

Jamani, nilitamani kumwagia birika. Na Cheche, mtu anayeinua geti la chuma peke yake, akakubali. Akatikisa kichwa akasema labda, Profesa, labda.

Katika hali hiyo ndipo mama yake akatokea kwenye kona, khanga mabegani, anatembea polepole kwa ile miguu. Wote wakainuka.

— Shikamoo mama!

— Marahaba. Wewe Cheche, karakana umeiacha wazi, mtu anakusubiri na vipimo vya dirisha. Mnafanya nini hapa?

— Hakuna kitu, mama. Tunakunywa kahawa.

Akaificha simu nyuma ya mgongo, na nyuma ya mgongo ndiko alikokuwa Soli, na Soli bado alikuwa na hamu ya viatu. Akabonyeza. Sauti ikatoka pale mgongoni mwa Cheche, wazi kabisa: “Kaka, ni mimi.”

Mama akanyoosha mkono. Cheche alinitazama mimi, akawatazama wenzake, akampa. Profesa akakohoa.

— Mama, tafadhali, kabla hujatazama, kuna utaalamu kidogo...

— Nyamaza, mwanangu.

Akatazama. Hakuhesabu kitu. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha, akaitazama tena, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshika shavu. Mkasi alishatoa taulo begani tayari kumdaka akianguka. Hakuanguka.

— Amekonda, akasema. Ameituma lini?

— Asubuhi, mama.

Akatutazama mmoja mmoja, Mkasi, Soli, Profesa, mimi, hata yule mteja wa nusu kichwa. Kisha akamgeukia Cheche.

— Mmemjibu nini?

Soli akaangalia viatu vya watu. Cheche machozi yalikuwa yanamshuka na miwani yake ya kazi iko kichwani bure. Mama alikuwa amesimama na simu mkononi, anangoja kuambiwa, na tangu asubuhi hakuna kati yetu aliyemwandikia kijana hata neno moja.