Kiganja cha Fedha

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani alikuwa amefumba macho kama aliyelala, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Mbele yake, sonara mzee alikuwa akimsemesha mama mmoja aliyeketi naye.

"Samahani, mwanangu. Hirizi yako ya kiganja hapo shingoni umeigeuza. Kiganja kikielekeza vidole juu, kinazuia kijicho. Vikielekea chini, ni cha kuombea baraka."

"Kaka yangu alikivaa hivi hivi, mzee."

"Mimi ndiye ninayewatengenezea watu hirizi hizi. Ni fedha tu ninayoiyeyusha mwenyewe, haizuii kitu."

"Yeye aliamini." Mama akakishika. "Alikuwa mwashi. Hakupanda ghorofani bila hiki. Siku uchungu uliponishika alikivua akanivisha, akasema mimi na mtoto tunakihitaji zaidi. Kesho yake akaanguka kazini, hakuamka tena."

Fundi cherehani akafumbua macho. Kujifanya amelala kulikuwa kumemshinda.

"Pole sana," sonara akasema, sauti imeshuka. "Lakini kisingemdaka, mwanangu."

"Najua. Ila angepanda na moyo uliotulia. Pengine asingeteleza. Laiti ningekikataa!"

"Na mtoto?"

"Mzima. Anacheka kama mjomba wake, mpaka wakati mwingine natoka chumbani."

Sonara alifungua mdomo, lakini treni ikasimama. Mama akakitumbukiza kiganja ndani ya gauni, akaaga kwa adabu, akashuka.

Milango ilipojifunga, mzee akageuka dirishani. "Jamani," akamwambia fundi cherehani polepole, "na mimi nilikuwa nashuka hapa."